Umri wa Mtu na Umri wa Figo

Habari ya kupandikiza mafigo husimuliwa sana kwa siku moja: tarehe 23 Desemba, 1954. Siku hiyo, katika Hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja la Ronald Herrick, kijana mzima wa miaka 23, wakampa Richard, pacha wake, aliyekuwa karibu na kufa. Lakini thamani ya kazi ile haikupimwa siku ile. Ilipimwa kwa miaka iliyofuata.

Kabla ya hapo mwili ulikuwa ukikataa figo la mtu mwingine, hata la mzazi. Mjini Paris, mwishoni mwa mwaka 1952, kijana Marius Renard alipewa figo la mama yake. Lilifanya kazi kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha likakoma, naye akafariki. Mapacha wa Boston walitokana na yai moja. Ili kupata yakini, madaktari walipandikiza kwanza ngozi ya mmoja kwa mwenzake, nayo ikashika.

Figo la Ronald nalo likashika. Richard alipona, akaoa muuguzi aliyemtunza, akapata watoto wawili. Akafariki mwaka 1963. Mwili wake haukulikataa figo lile, walakini maradhi yaleyale yaliyoharibu mafigo yake ya kwanza yalikuwa yamelirudia la nduguye. Edith Helm, aliyepewa figo la pacha wake mwaka 1956 katika hospitali hiyohiyo, aliishi mpaka mwaka 2011. Ronald, mwenye kutoa, aliishi kwa figo moja mpaka mwaka 2010.

Wagonjwa wasio na pacha walingojea dawa. Mwaka 1962 azathioprini ilitumiwa Boston, na figo la maiti likadumu zaidi ya mwaka. Katika miaka ya 1980 siklosporini ikaenea, na mafigo mengi zaidi yakavuka mwaka wa kwanza. Miaka ya mbali haikuongezeka kwa kasi hiyo. Dawa zinazolinda figo huupunguzia mwili kinga yake dhidi ya maambukizo na saratani, na siklosporini yenyewe yaweza kulidhuru figo inalolilinda.

Kwa hiyo hesabu ni mbili, wala haifai kuzichanganya. Figo laweza kufa mwenyewe akabaki hai, akarudi kusafishwa damu kwa mashine. Na mtu aweza kufa kwa moyo ilhali figo lake lingali zima. Mwenye kuandika historia hii asitosheke kuuliza ni nani aliyetangulia kupandikiza. Na aulize pia figo lilidumu miaka mingapi, na mtu aliishi mingapi. Kwa Richard jibu ni miaka minane, ambayo bila ya nduguye asingeiona.