Ruzuku ya Mifugo na Siku ya Mwisho

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa kuwasimulia wanachama habari ya wafugaji wa Ulaya, maana imo faida kwetu.

Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya iliamua kupunguza kwa 15% bei ya nyama ya ng'ombe iliyokuwa ikilindwa, na ili kuwafidia wafugaji ikaongeza ruzuku iliyolipwa kwa kila ng'ombe. Tangu hapo fomu ikawa mali kama mifugo yenyewe. Aliyechelewa kuipeleka alikatwa 1% ya malipo kwa kila siku ya kazi iliyopita. Na kwa kanuni za mwaka 2004, aliyezidisha siku 25 alinyimwa yote, hata kama zizi lake lilijaa. Waliosamehewa ni waliofikwa na msiba wa kweli, kama vile kifo, maradhi ya kuambukiza ya mifugo, au banda kuharibika kwa ajali. Nao walipaswa kuarifu kwa maandishi katika siku 10 za kazi tangu walipoweza kufanya hivyo.

Na sisi je? Hatuna budi kukiri kwamba katika miaka hii kumi fomu za baadhi ya wanachama zililala ofisini mwetu zikingoja mhuri, hata siku ikapita. Mfugaji alitimiza wajibu wake. Kosa lilikuwa letu. Basi tangu sasa kila katibu na ampe mwanachama stakabadhi yenye tarehe, na siku ya mwisho ibandikwe penye mizani ya maziwa, mahali ambapo kila mtu hupita.