Zawadi za mama wa mfalme: Kwa nini kikapu cha bibi Ngara kinahitaji jina

Mwaka 1137, Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Louis, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa mwaka huohuo. Bibi harusi alimpa mumewe chombo cha jiwe linalong'aa kama kioo, alichokirithi kutoka kwa babu yake. Baadaye Louis alimpa Suger, mkuu wa watawa wa Saint-Denis, naye akaagiza majina ya waliokimiliki yachongwe kwenye kitako chake. Leo chombo hicho kipo makumbusho ya Louvre, Paris, na jina la Eleanor bado linasomeka.

Je, huku kwetu Maziwa Makuu, wanawake wa kifalme nao walipeana vitu vya thamani? Ndiyo, tena sana. Kilichokosekana ni maandishi.

Njia ilipita Biharamulo

Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipita Usui, nchi ya Wasubi, upande wa Biharamulo ya leo. Mtawala wake, Suwarora, alimtoza hongo kabla ya kumruhusu aendelee Karagwe, kisha Buganda.

Alipofika Buganda mwaka 1862, Speke alimkuta mama wa Kabaka Mutesa, yaani Namasole. Huyu hakuwa mama wa kukaa ndani tu. Alikuwa na kasri lake, ardhi yake na machifu wake. Speke alimpelekea nyaya za shaba, shanga na vitambaa. Mama akamkaribisha kwa pombe, na akamwomba dawa.

Shanga na nguo kutoka pwani zilikuwa adimu bara, kwa hiyo aliyezipata alikuwa na cha kuwagawia watu wake. Zawadi ilikuwa siasa.

Sasa angalia hili: katika kitabu chake cha 1863, Speke anamtaja mama huyo kwa cheo. Jina lake, Muganzirwazza, tunalo kwa sababu Waganda wenyewe walilitunza.

Ngara na Burundi

Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuiacha Tanganyika. Huko Burundi, Ririkumutima, mke wa Mwami Mwezi Gisabo, alikuwa na nguvu kubwa baada ya mumewe kufariki mwaka 1908. Kuanzia 1915 hadi kifo chake mwaka 1917 alishiriki kutawala kwa niaba ya Mwambutsa, aliyekuwa bado mtoto.

Zawadi nzito kuliko zote ilikuwa ng'ombe. Kwa utaratibu wa ubugabire, aliyepewa ng'ombe alilipa kwa utii, kazi na pombe.

Sanaa ya wanawake wenyewe ilikuwa kikapu. Burundi na Rwanda, wanawake wa koo za watawala walisuka vikapu vya nyuzi nyembamba, vyenye mfuniko uliochongoka. Kwa Kirundi huitwa igiseke. Hadi leo vikapu hivyo hubeba zawadi za harusi.

Jina liko wapi?

Vitu vingi vya ukanda huu vilichukuliwa enzi za Wajerumani na vipo makumbusho za Ulaya. Mara nyingi lebo ina jina la Mzungu aliyevikusanya. Aliyesuka hatajwi.

Vilivyobaki majumbani navyo vinaweza kupoteza historia yake bibi akiondoka. Kama nyumbani kwenu Ngara au Biharamulo kuna kikapu cha zamani, simu yako inatosha. Kipige picha, kisha mrekodi bibi akijibu maswali haya manne:

• Nani alikisuka?
• Alimpa nani?
• Ilikuwa shughuli gani?
• Kimepitia mikono ya nani hadi leo?

Suger alihitaji fundi wa kuchonga. Wewe unahitaji dakika tano tu na bibi.