Babu Mfaransa na Daftari la Ubatizo

Mkarafuu wa Pemba una nasaba yake. Ukianzia Konde ukarudi nyuma hatua kwa hatua, unafika Unguja, na kutoka Unguja unafika kwenye visiwa viwili vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vya Wafaransa: Bourbon, ambacho leo ni Réunion, na Île de France, ambacho leo ni Morisi. Miche ya kwanza ilifika huko mwaka 1770 kutoka visiwa vya Maluku, kwa juhudi za mtawala Mfaransa Pierre Poivre. Mwanzoni mwa karne ya 19 mti huo ukaletwa kwetu.

Nasaba ya mti ni rahisi kuifuata. Ya watu ni ngumu zaidi. Huenda katika familia yenu ipo kauli kwamba babu wa babu alikuwa Mfaransa, au limebaki jina la kizee lenye lafudhi ya Kifaransa. Je, tunaweza kujua ukweli wake? Mara nyingi njia hupitia kanisani.

Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Wafalme wa Ufaransa nao walitaka vitabu hivyo viwe na nakala, na Juni 1776 Louis XVI aliamuru kwamba nakala za makoloni zipelekwe Versailles. Leo nakala hizo zimehifadhiwa katika mji wa Aix-en-Provence, na nyingi zinasomeka kwa intaneti.

Mwaka huohuo wa 1776, mwezi Septemba, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20. Kwa hiyo mwaka mmoja ulizaa hati mbili: moja ya kuhifadhi majina ya watu, nyingine ya kuwauza watu.

Watu wa pwani yetu na wa bara waliofikishwa Bourbon walikuta sheria ya mwaka 1723. Sheria hiyo iliwataka mabwana wawabatize watumwa wao, lakini ilikataza ndoa kati ya weupe na weusi. Matokeo yake yamo katika vitabu. Mtoto wa mtumwa ameandikwa kwa jina moja la ubatizo, jina la mama yake, na jina la bwana anayewamiliki wote wawili. Baba hatajwi.

Hapo ndipo anayemtafuta babu Mfaransa hukwama. Anatazama mahali pa baba na kukuta patupu. Inampasa atazame kwingine: bwana alikuwa nani, msimamizi wa ubatizo alikuwa nani, na je, mama au mtoto huyo aliachwa huru baadaye, au alirithishwa chochote? Haya peke yake hayathibitishi ubaba. Ni fununu za kulinganisha na yale wanayosimulia wazee.

Utumwa ulikomeshwa Bourbon tarehe 20 Desemba 1848, na watu wapatao 60,000 wakawa huru. Makarani waliwapa majina ya ukoo, mengi yakiwa ya kubuniwa papo hapo, wakayaandika katika vitabu maalumu. Basi jina la ukoo la familia ya namna hiyo halivuki mwaka huo kurudi nyuma. Kabla ya hapo unabaki na jina moja, umri, na jina la bwana.

Mwaka uliofuata, 1849, lilianzishwa huko Shirika la Mabinti wa Maria, lililowapokea wanawake weupe pamoja na waliokuwa watumwa. Desemba 1860 masista wa shirika hilo walitua Unguja pamoja na Padri Armand Fava, wakitokea kisiwa hichohicho. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakafungua misioni ya Bagamoyo. Hivyo kisiwa kilichokuwa kimenunua watu wa pwani hii ndicho kilichotuma watu kuja kuwakomboa.

Hapa pana tahadhari. Waliokombolewa na kubatizwa Unguja na Bagamoyo walipewa majina ya watakatifu kama yalivyotamkwa na mapadre Wafaransa. Sehemu ya fedha za kuwakomboa watoto ilitoka Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto wetu wanalijua hadi leo. Kwa hiyo jina la Kifaransa si dalili ya damu ya Kifaransa. Huenda ni alama ya mtoto aliyenunuliwa sokoni ili awe huru.

Anayetaka kuanza, aanze na wazee wa nyumbani kabla ya kwenda kwa paroko. Aandike majina yote, ya nyumbani na ya ubatizo, na mahali kila mtu alipoishi. Kisha aombe kwa adabu kutazamiwa daftari. Asiishie kwenye jina analolitafuta tu. Asome pambizoni, ambako huandikwa kipaimara na ndoa, na aangalie wasimamizi, kwani mara nyingi ni ndugu au majirani. Akumbuke pia kwamba Mfaransa huandika sauti ya “u” kwa herufi “ou”, na “sh” kwa “ch”. Jina analolijua linaweza kuwa mbele ya macho yake asilitambue.

Na akilipata? Anaweza kuona kwamba wino uleule uliomwandika bibi yake kuwa mtoto wa Mungu ulimwandika pia kuwa mali ya mtu. Yanauma, na hatuna haja ya kuyafunika. Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu mgeni, wala mke wa Uria. Aibu ya waliotenda dhuluma haikumwondoa yeyote katika ukoo huo.

Upo pia upande ambao daftari haliwezi kuufikia. Kabla ya kuitwa Marie au Joseph, mtu yule aliitwa jina jingine na mama yake, kwa Kimakua, Kiyao au Kinyamwezi, na mara nyingi karani hakuuliza. Jina hilo, kama lipo popote, limo katika kumbukumbu ya familia: katika jina ambalo mjukuu amerithishwa, au katika neno ambalo bibi hulitamka bila kueleza limetoka wapi. Mbele ya Mungu majina yote mawili yanajulikana. Kwetu sisi, moja limetunzwa na Kanisa, na la pili litadumu iwapo tutamwuliza bibi wakati bado yupo wa kutujibu.