Ngozi 2007: aliyeshindwa aliishia wapi?

Vijana wenzangu, chama kikifanya mkutano mkuu, sisi tunauliza tu: nani kashinda? Leo tuulize kuhusu aliyeshindwa.

Tarehe 7 Februari 2007, CNDD-FDD, chama tawala cha Burundi, kilikutana Ngozi. Mwenyekiti Hussein Radjabu, mmoja wa watu wenye nguvu sana nchini wakati ule, akaondolewa. Jérémie Ngendakumana akachukua kiti. Wafuasi wa Radjabu hawakukubali, chama kikagawanyika.

Mambo hayakuishia hapo. Aprili ileile bunge lilimwondolea Radjabu kinga, akakamatwa. Mwaka 2008 akahukumiwa miaka 13 jela kwa kuhatarisha usalama wa nchi. Mwaka huohuo wabunge 22 waliotengana na chama walipoteza viti kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba. Machi 2015 Radjabu akatoroka gereza la Mpimba, Bujumbura.

Hapa sitaki kuamua kesi yake. Ninachoona ni hiki: watu wakishaona kwamba kukosa kiti cha chama kunaweza kufuatwa na kukosa ubunge, hata uhuru, nani tena atakubali kushindwa kwa amani? Kila mkutano unageuka vita ya kufa na kupona.

Hata sisi kambini tunachagua kamati. Basi kabla ya kupiga kura tuandike: asiyeridhika atalalamika kwa nani, ndani ya siku ngapi, na kwamba kesho yake bado ni mwenzetu.