Mafumbo ya alkemia yasomwe karibu na tanuri

Suda, kamusi kubwa ya Kiyunani iliyokusanywa Byzantium katika karne ya 10, ina maelezo yake kuhusu ngozi ya dhahabu ambayo Jason, shujaa wa visasili vya Kiyunani, aliifuata ng'ambo ya bahari: ati haikuwa ngozi ya kondoo, bali kitabu cha ngozi chenye maelekezo ya kutengeneza dhahabu. Njia hiyo ya kusoma visasili ilipata wafuasi Ulaya. Mwaka 1614 tabibu Mjerumani Michael Maier alitoa kitabu kizima akidai kwamba visasili vya Misri na Ugiriki vinaficha siri za alkemia, na mwaka 1758 mtawa Mfaransa Antoine-Joseph Pernety akalirudia dai hilo. Tatizo ni kwamba kisa cha Jason kilisimuliwa karne nyingi kabla ya maandishi ya kwanza ya alkemia ya Kiyunani. Tena, ukishaamua kuwa kila joka ni zebaki na kila kifo ni kuoza kwa madini, hakuna hadithi itakayokukatalia.

Hata hivyo, alkemia ilikuwa na mafumbo ya kweli, na yanaweza kupimwa. Katika Funguo Kumi na Mbili, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1599 kwa jina la Basilius Valentinus, msomaji anaambiwa amtupie mbwa mwitu mwili wa mfalme, kisha amchome mnyama huyo mpaka mfalme aokoke. Mbwa mwitu ni madini yenye antimoni na salfa. Mfalme ni dhahabu yenye takataka. Vikiyeyushwa pamoja, salfa hunyakua shaba na fedha, dhahabu huzama ikiwa imeshikana na antimoni, na moto mkali huifukuza antimoni kama moshi. Inabaki dhahabu safi.

Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, angepinga. Katika kitabu chake cha 1944 kuhusu saikolojia na alkemia, alidai kwamba picha za namna hii huchipuka nafsini bila mtu kujua. Basi hata mwandishi asiyewahi kuona tanuri anaweza kuzichora. Ni kweli kwamba mfalme anayeliwa na kufufuka huwagusa hata wasiojua madini. Lakini kuguswa si ushahidi wa chanzo. Mwanahistoria Lawrence Principe, ambaye pia ni mwanakemia, amejaribu katika maabara baadhi ya maelekezo ya Valentinus, na zikakubali. Kilichodhaniwa kuwa ndoto kilikuwa maelekezo ya fundi anayelinda siri yake.

Ndiyo maana Faust, tamthilia ya mwandishi Mjerumani Goethe, inastahili usomaji huu wa karibu na tanuri. Goethe mwenyewe alisimulia kwamba, baada ya kuugua mwishoni mwa miaka ya 1760, aliwasoma wanaalkemia Paracelsus na Valentinus, akafanya majaribio nyumbani kwao Frankfurt. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia hiyo, iliyotoka 1808, Faust anakumbuka dawa ya baba yake: simba mwekundu anafungishwa ndoa na yungiyungi katika maji vuguvugu, wanateswa kwa moto, kisha malkia kijana anatokea ndani ya chupa. Wagonjwa walikunywa wakafa, na bado wanakijiji wanamshukuru Faust kwa kuwahudumia wakati wa tauni. Atakayesema kwamba tunaigeuza fasihi kuwa kemia aitazame kazi inayofanywa na lugha hiyo ya arusi: inafunika sumu. Hatia ya Faust humwelea zaidi msomaji anayejua kwamba simba na malkia ni vitu vilivyopikwa, vikanyweshwa watu.