Kwa Nini Kaseti ya Dubai Ilipoteza Rangi Bujumbura



Siku hizi familia nyingi huunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni ili kuangalia filamu au mawaidha kwa intaneti. Mara picha haitoki, mara sauti inakataa, na lawama huiangukia mashine. Lakini mara nyingi mashine zote mbili ni nzima, ila hazielewani. Sisi wa Bujumbura tatizo hili tumelijua tangu zamani.

Mwaka 1967 Ulaya iligawanyika. Ujerumani Magharibi ilianza kurusha televisheni ya rangi kwa mfumo wa PAL, uliobuniwa na Walter Bruch. Ufaransa ikaanza na wake, SECAM, uliobuniwa na Henri de France. Afrika nayo ikafuata, kila nchi na upande wake. Zanzibar, Kenya, Uganda na baadaye Tanzania bara zilichukua PAL. Burundi, iliyopata televisheni ya taifa mwaka 1984, ilichukua SECAM kama Rwanda na Zaire.

Basi Bujumbura ikawa mpakani. Kaseti ya harusi iliyorekodiwa Dubai au Mombasa ilikuwa ya PAL. Kwenye televisheni ya SECAM pekee, bibi harusi alionekana kwa rangi nyeusi na nyeupe. Deki ikiunganishwa kwa waya wa antena, hata sauti iliweza kupotea, kwani mifumo hiyo ilipitisha sauti katika masafa tofauti. Dawa ilikuwa kununua televisheni inayopokea mifumo yote.

Zikaja DVD, nazo zikagawiwa kanda: sehemu kubwa ya Afrika kanda ya 5, Ufaransa na nchi za Ghuba kanda ya 2. Leo kuna HDCP ndani ya waya wa HDMI. Kompyuta huiuliza televisheni kama inao ufunguo; isipojibu, filamu ya kulipia hukataa au hushushwa ubora. PAL na SECAM zilitokana na ushindani wa mataifa, lakini kanda za DVD na HDCP ni vizuizi vilivyowekwa makusudi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, uliza kwanza kama vifaa vitaelewana. Na mwenye kaseti za wazee wetu asizitupe kwa kuona hazina rangi. Deki ya PAL pekee ikisoma kaseti ya SECAM, rangi hazitoki, ingawa zimo. Tafuta deki ya mifumo yote, uzihamishie kwenye kompyuta mapema, kwani utepe nao huzeeka.