Shule Iliyo Ngomeni: Habari za Chuo cha Atlantic

Jioni hii nitawasimulia historia ya shule moja iliyo mbali sana na kwetu. Shule hiyo imo ndani ya ngome ya kale iitwayo St Donat's, iliyojengwa juu ya jabali katika pwani ya kusini ya Wales, nchi iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Haikuanzishwa na serikali, wala haina darasa la kwanza, wala la saba. Hupokea vijana wa miaka kumi na sita na zaidi kidogo, huwafundisha miaka miwili, kisha huwaaga. Jina lake ni Chuo cha Atlantic.

Yafaa kwanza nieleze daraja hii ya elimu, maana si watu wote waifahamuo. Huko Uingereza, kijana akiisha kufanya mtihani wake wa miaka kumi na sita, huweza kuendelea na masomo ya juu kwa miaka miwili zaidi. Waingereza huiita miaka hiyo yote miwili kidato cha sita. Sisi Tanzania tulirithi utaratibu huo, ila twaugawanya, tukasema kidato cha tano na kidato cha sita. Ni miaka ya kizingitini: nyuma yake uko utoto, na mbele yake iko kazi ya utu uzima au chuo kikuu. Shule nyingi huiweka miaka hiyo juu ya madarasa mengine, kama dari juu ya nyumba. Lakini ziko shule zisizofundisha ila miaka hiyo tu. Baadhi yake ni za serikali. Nyingine ni za kujitegemea, ziendeshwazo kwa karo na kwa ukarimu wa wafadhili; na humo wako wanafunzi walalao bwenini, na wako warudio kwao jioni. Chuo cha Atlantic ni shule ya namna hiyo ya kujitegemea, na tangu mwanzo kilikusudiwa kiwe cha bweni.

Huenda mzee mmoja aliyekaa karibu na redio ananiuliza moyoni, "Mwalimu, ngome ya Wazungu yatuhusu nini sisi wakulima?" Ni swali jema, nami nitalijibu kabla sijamaliza. Ila nipeni nafasi nianze mwanzo.

Mwanzo wa habari hii ni mtu mmoja, Kurt Hahn. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1886, katika jamaa ya Kiyahudi. Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikimalizika mwaka wa 1918, alikuwa mwandishi na msaidizi wa Mtawala Max wa Baden, aliyekuwa Waziri Mkuu wa mwisho wa Kaisari wa Ujerumani. Hahn aliona kwa macho yake jinsi taifa lenye wataalamu wengi lilivyoweza kujitia katika maangamizi. Basi mwaka wa 1920 wakafungua shule katika jumba la Mtawala huyo, mahali paitwapo Salem, ili vijana wafundishwe uaminifu na utumishi pamoja na elimu ya vitabu.

Hata mwaka wa 1932 ulipofika, shule hiyo ilipata mtihani mkubwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo, wafuasi wa Hitler waliingia usiku katika nyumba moja kijijini Potempa, wakampiga mfanya kazi mmoja wa chama cha Kikomunisti hata akafa, na mama yake akiona. Wauaji watano walipohukumiwa kufa, Hitler aliwapelekea simu ya kuwaunga mkono. Ndipo Hahn alipowaandikia barua wanafunzi wa zamani wa Salem, akawaambia wale waliojiunga na majeshi ya Hitler kwamba lazima wachague: ama waachane na Hitler, ama waachane na Salem. Fikirini, wasikilizaji, ushujaa wa mwalimu huyo. Hakuwa na askari wala bunduki. Alikuwa na kalamu tu, naye ni Myahudi, na Hitler alikuwa karibu kutawala. Mwezi wa Machi 1933 alitiwa kifungoni. Rafiki zake wa Uingereza, hata Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, walimwombea, akafunguliwa. Na mwezi wa Julai mwaka uo huo akahamia Uingereza.

Huko ugenini hakukaa akilia. Mwaka wa 1934 alianzisha shule ya Gordonstoun katika Scotland. Kisha vita ya pili ikaja, na manowari za Wajerumani zikawa zinazamisha meli za biashara za Waingereza. Ilionekana kwamba, watu waliponusurika katika mashua ndogo, mara nyingi mabaharia vijana walikata tamaa wakafa, na wazee waliozoea taabu wakaishi. Basi mwaka wa 1941 Hahn, akisaidiwa na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, alifungua shule ya bahari huko Aberdovey, Wales. Vijana walikaa humo mwezi mmoja hivi, wakijifunza kuvumilia dhoruba, kupanda milima, na kuokoana. Hapo Hahn alizidi kuamini jambo moja: kijana akipewa kazi ya kumwokoa mwenziwe aliye hatarini, huamka ndani yake nguvu ambayo mahubiri hayawezi kuiamsha.

Mwaka wa 1955 Hahn alialikwa kuhutubu huko Paris, katika chuo cha maofisa wa mataifa yaliyofanya mapatano ya kulindana, yaitwayo NATO. Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza, Lawrance Darvall. Hapo Hahn aliona jambo la ajabu. Watu ambao miaka kumi tu iliyopita walikuwa wakipigana, sasa wameketi pamoja, wakifanya kazi moja na kula meza moja. Akafikiri, ikiwa askari waliokwisha komaa waweza kupatana hivi, je, vijana wa miaka kumi na sita, ambao mioyo yao haijawa migumu, hawatapatana zaidi? Wahenga wetu walikwisha sema: udongo uwahi ungali maji. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la shule ya vijana wa mataifa mbalimbali.

Lakini wazo halina paa wala kuta. Nyumba ilipatikana kwa njia ambayo sisi watu wa Afrika ya Mashariki twaweza kuifahamu, maana fedha yake ilitoka katika biashara ya bahari iliyo jirani na yetu. Ngome ya St Donat's ilianza kujengwa katika karne ya kumi na mbili. Mwaka wa 1925 ilinunuliwa na tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, naye akaitengeneza kwa gharama kubwa. Alipokwisha kufa, ngome ilitafutiwa mnunuzi. Sasa, huko Aden palikuwa na mfanyi biashara Mfaransa, Antonin Besse, aliyepata utajiri kwa ngozi na kahawa za Ethiopia na Uarabuni na kwa meli zake za Bahari ya Sham. Alikufa mwaka wa 1951. Mwanawe, aliyechukua jina lake, aliinunua ngome ile mwaka wa 1960, akaitoa iwe shule.

Mwezi wa Septemba 1962 milango ilifunguliwa, wakaingia wanafunzi 56, wote wavulana. Mkuu wao wa kwanza alikuwa Desmond Hoare, admirali aliyeacha kazi ya manowari ili awe mwalimu. Mwaka wa 1967 wasichana pia walianza kupokewa.

Huyo Hoare aliiona bahari iliyo chini ya ngome kuwa darasa. Katika mlango ule wa bahari maji hujaa na kupwa kuliko katika pwani nyingi za dunia, na mikondo yake ni mikali, hata waogeleaji na wavuvi walikuwa wakipatwa na ajali. Basi wanafunzi wakafundishwa kuokoa watu. Toka mwaka wa 1963 shule ikawa kituo cha mashua za uokoaji za pwani ile. Kengele ilipolia, kijana aliacha kitabu chake cha hesabu, akakimbilia baharini.

Mashua walizotumia zilikuwa za mpira, zilizojazwa pumzi. Zilikuwa nyepesi na hazikuzama upesi, lakini zilirukaruka vibaya juu ya mawimbi, na tumbo lake lilichakaa kwa kuburuzwa juu ya changarawe. Hoare na wanafunzi wake wakajaribu kuutia ubao chini ya mpira ule. Wakaharibu, wakaanza tena. Wakaunda nyingine, wakaipeleka majini, wakaitengeneza upya. Mwisho wakapata mashua yenye tumbo gumu la kupasua maji na mbavu za mpira wa pumzi. Leo mashua za namna hiyo zatumiwa na waokoaji, wanamaji na polisi wa bahari ulimwenguni pote, hata katika bandari zetu. Mwaka wa 1973 haki ya uvumbuzi huo walipewa waokoaji wa Uingereza kwa bei ya pauni moja tu. Wangeweza kutajirika; wakaona ni afadhali watu waokolewe. Kituo kile cha uokoaji kilifungwa mwaka wa 2013, lakini mashua zilizozaliwa pale zaendelea kufanya kazi.

Tena shule ililazimika kufikiri juu ya masomo yenyewe. Kidato cha sita cha Kiingereza kilimtaka mwanafunzi achague masomo matatu au manne tu, na cheti chake hakikufahamika vema katika kila nchi. Kijana wa Norway au wa Ujerumani angerudi kwao na cheti ambacho chuo kikuu cha kwao hakikuzoea. Kwa sababu hiyo walimu wa shule mbalimbali walishauriana, na mwaka wa 1968 ofisi ya mtihani wa kimataifa ikawekwa Geneva. Mwaka wa 1971 Chuo cha Atlantic kilikuwa cha kwanza kuacha kabisa mtihani wa nchi yake na kufuata ule wa kimataifa. Katika mtihani huo mwanafunzi husoma masomo sita: husoma lugha yake na lugha ya wengine, sayansi na hesabu, na habari za wanadamu, na juu ya hayo hutakiwa kuwatumikia watu.

Mbegu hiyo ilifika Afrika pia. Mwaka wa 1963, wakati serikali ya Afrika ya Kusini ilipokuwa ikitenga watoto kwa rangi zao, Mwingereza Michael Stern alifungua shule ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini. Alianza na wavulana 16 wa rangi mbalimbali, chini ya paa moja. Shule hiyo, Waterford Kamhlaba, iliingia katika udugu wa Chuo cha Atlantic mwaka wa 1981. Binti za Nelson Mandela walisoma humo, hali baba yao yumo kifungoni. Na hapa kwetu, shule iliyofunguliwa Moshi mwaka wa 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanya kazi wa hospitali ya KCMC iliingia katika udugu huo mwaka wa 2019. Humo, chini ya Kilimanjaro, wamo wanafunzi wa bweni na wa kutwa pia.

Siwafichi upungufu wake. Shule hizi ni za gharama kubwa, wala mkulima wa kawaida hawezi kulipa karo yake kwa gunia za mahindi. Zipo kamati katika nchi zaidi ya 150 zichaguazo vijana kwa sifa zao, na wengi husaidiwa. Lakini nafasi ni chache, na wenye kuzitamani ni wengi. Mlango wa ngome hufunguka mbele ya maskini pale tu ambapo mtu mwingine ameshika ufunguo wa fedha. Tena miaka miwili haimtengenezi mtu kuwa malaika.

Sasa nalijibu swali la mzee wangu. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Kila mwaka nawaona vijana wanavyowasili na masanduku yao. Siku ya kwanza huketi makundi makundi, kila mtu na wa lugha ya kwao. Nikiwaambia wapendane, huitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha hurudi makundini. Lakini nikiwapa jembe, ndoo na zamu moja ya bustani, baada ya majuma machache huyu wa ziwani amwita yule wa pwani ndugu, wala hakuna aliyewaamuru. Wasikilizaji, ngome si lazima. Lililo lazima ni kazi ya kweli, ambayo mwenzako akiiacha, ninyi nyote mtaumia.

Kwa hiyo, mzazi, barua ikija kusema kwamba mwanao amechaguliwa kidato cha tano katika mkoa wa mbali, usione kwamba umenyang'anywa mtoto. Wala wewe kijana, usiende huko kutafuta watu wa kwenu tu. Kurt Hahn alikufa mwaka wa 1974, karibu na Salem, katika nchi iliyomtia kifungoni, naye alikuwa amekwisha kuwaona watoto wa waliokuwa maadui wakivuta kamba moja ya mashua.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo yangu. Kwaherini.